Kusindikiza

Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, neno hili lina maisha mawili. Mgeni akiaga, mwenyeji humsindikiza hadi barabarani wakizungumza polepole, kisha hurudi. Lakini waliopita njia ya Karuma na Pakwach wakati wa vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) wanakumbuka kusindikizwa kwingine: mabasi na malori yamepangwa foleni, askari wanatangulia, wengine wanafunga mkia.

Kusindikiza huko kulikuwapo baharini pia. Februari 1944, katika Vita Kuu ya Pili, msafara wa KR 8 ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Meli yake moja, Khedive Ismail, ilibeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa dakika mbili hivi, wakafa karibu watu 1,300. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika. Manowari Petard, mojawapo ya zilizousindikiza msafara, ikaangusha mabomu ya chini ya maji palepale watu walipokuwa wakielea, ili meli nyingine zisipigwe. Hatimaye I-27 ilizamishwa.

Kwenye soka neno hili lina maana nyingine: watangazaji huiita timu dhaifu "wasindikizaji", yaani imekuja kujaza idadi tu. Maana hiyo imeshaingia, siipingi. Ila kwenye habari za vita naomba wahariri waandike "manowari za ulinzi wa msafara", msomaji asidhani zilikuwa zinapamba safari.