Wachuuzi wa Farasi wa Baltimore

Katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland huko Marekani, wako wachuuzi wa matunda na mboga ambao hata leo huzunguka mitaani na gari la kukokotwa na farasi. Huitwa Arabbers. Jina hili lisitudanganye: si Waarabu hao, bali aghalabu ni Wamarekani weusi. Waingereza wa karne ya 19 waliwaita watu waliotangatanga mjini pasipo makao "Waarabu wa mitaani", na neno hilo likavuka bahari.

Asili ya kazi yao ni hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hata 1865 vilipokwisha, watu weusi walikuwa huru, lakini milango mingi ya kazi ilifungwa mbele yao. Uchuuzi wa gari haukutaka mali nyingi. Asiye na farasi aliweza kumkodi zizini pamoja na gari, akanunua bidhaa asubuhi na mapema, na jioni akalipa kodi. Faida iliyosalia ilikuwa yake. Farasi alivikwa njuga na matandiko ya rangi, na mchuuzi akaimba majina ya matunda yake kwa sauti kuu, hata mama aliye ndani akajua ni nani apitaye kabla hajamwona.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo yaligeuka. Magari ya moto yalizidi, maduka makubwa yakafunguliwa, watu wengi wakahamia nje ya mji, na mazizi yakafungwa moja baada ya jingine.

Hapo ndipo ilipofaa kazi ya Roland Freeman, mpiga picha mweusi aliyezaliwa Baltimore mwaka 1936. Ndiye aliyepiga picha pia za msafara wa magari ya nyumbu uliotoka Marks, Mississippi, mwaka 1968, kudai haki za maskini. Mwaka 1989 alitoa kitabu cha picha za wachuuzi wa mji wake. Hakuwatazama kama mgeni atazamavyo kioja, bali kama mtu awatazamavyo jamaa zake. Alifariki mwaka 2023, na kitabu chake kimesalia.

Lakini na tuulize: je, picha yatosha? Picha huhifadhi uso wa mtu na shingo ya farasi, wala haihifadhi ule wimbo. Tena picha haimlishi farasi nyasi, wala haitengenezi paa la zizi. Kwa sababu hiyo mwaka 1994 watu walianzisha chama cha kuwatetea wachuuzi hao na mazizi yao. Nao wana faida hata sasa, maana katika mitaa isiyo na soko, mzee asiye na gari hununua tunda bora mlangoni pake.

Basi, mwenye kamera akimkuta mchuuzi wa namna hii, kwanza amwamkie, amwombe ruhusa, na kununua machungwa yake. Kisha apige picha. Picha itawaonyesha wajukuu jinsi kazi ilivyokuwa. Fedha ya machungwa ndiyo itakayomrudisha farasi mtaani kesho.