Insha ya chuo kikuu si ile ya KCSE

MWANAFUNZI anapojiunga na chuo kikuu humu nchini, huwa ameandika makumi ya insha katika shule ya upili. Hata hivyo, aghalabu tamrini yake ya kwanza chuoni humrudia ikiwa imejaa wino mwekundu, naye asijue alikokosea.

Chanzo cha masaibu hayo ni kuzichukulia insha za aina mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtahiniwa huandika insha mbili zisizopungua maneno 400 kila moja kwa saa 1 na dakika 45, bila kitabu mezani. Msamiati teule na methali humpa alama. Chuoni hupewa majuma kadhaa na maktaba nzima. Kinachopimwa hasa ni hoja: anadai nini, na ana ushahidi gani?

Hatua ya kwanza ni kulichambua swali. 'Eleza' huhitaji ufafanuzi. 'Linganisha na ulinganue' huhitaji yanayofanana na yanayotofautiana. 'Jadili' na 'tathmini' huhitaji msimamo uliofikiwa baada ya kupima pande zote.

Mathalani, mwanafunzi aulizwe: Jadili kufaa kwa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Asiye na uzoefu atasimulia mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokiteua Kiunguja, kisha kuundwa kwa Kamati ya Lugha mnamo 1930. Hayo ni kweli, ila hayajalijibu swali.

Mwenye ujuzi ataanza kwa dai, kwa mfano kwamba Kiunguja kilifaa kwa kuwa kilikuwa kimeenea bara kupitia misafara ya biashara. Kila aya itabeba hoja moja na ushahidi wake. Vilevile, hatakwepa hoja pinzani: Kimvita kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi, ukiwemo wa Muyaka bin Haji, na Ludwig Krapf alikuwa amekitafiti katika karne ya 19. Kuipima hoja hiyo kwa haki hakuudhoofishi msimamo wa mwandishi, bali huonyesha kwamba ameufikia kwa kufikiri.

Ushahidi huo hautoki hewani. Hutokana na mihadhara na usomaji, na hapa ndipo wengi hujikwaa kwa kunakili kila neno la mhadhiri. Mbinu iliyobuniwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika miaka ya 1950 hugawa ukurasa sehemu tatu. Upande mpana wa kulia huandikwa yanayofunzwa. Ukingo mwembamba wa kushoto huandikwa maswali na maneno makuu. Nafasi ya chini huandikwa muhtasari. Baadaye mwanafunzi hufunika upande wa kulia na kujaribu kuyajibu maswali yake mwenyewe.

Anaposoma kitabu, na aandike papo hapo jina la mwandishi, mwaka, anwani na ukurasa. Kutumia wazo la mtu bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma, hata kama maneno yamebadilishwa, na adhabu yake yaweza kuwa kufutiwa alama au hata kufukuzwa chuoni. Programu za akili unde nazo zimezidisha hatari hiyo. Zaweza kubuni vitabu na makala yasiyokuwapo, kwa hivyo kila rejeleo sharti lihakikishwe kwenye chapisho lenyewe. Isitoshe, mwanafunzi hana budi kujua kanuni za chuo chake kuhusu matumizi ya programu hizo.

Rasimu ya kwanza ikamilike siku kadhaa kabla ya makataa. Ikilazwa kwa siku moja au mbili kisha isomwe kwa sauti, sentensi zinazolegea na aya zisizolihusu swali hujitokeza zenyewe.

Hatimaye, tamrini iliyorejeshwa isifichwe mkobani kwa aibu. Maoni ya mhadhiri pambizoni ni mafunzo ambayo hayapatikani kwenye kitabu chochote. Yasipoeleweka, mwanafunzi na abishe hodi afisini akaulize, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo.