Mtaa Upi Utangulie?

Mwaka 1962 Tanganyika ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa, na kazi yake moja ya mwanzo ikawa kubomoa nyumba za udongo na makuti Dar es Salaam, Magomeni ikiwemo, na kujenga za kudumu papo hapo. Kipimo kilikuwa macho: mtaa ulioonekana mbovu ndio uliotangulia. Nyumba zilizojengwa zilikuwa imara, hilo halina ubishi. Lakini fedha nyingi zilitumika kubadilisha paa la mtu aliyekwisha kuwa na paa, huku wahamiaji wakizidi kumiminika jijini na kujijengea nyumba katika mtaa wa Manzese. Mwaka 1972 sera ikageuka: badala ya kubomoa, serikali ikaamua kupima viwanja vipya, kama vya Sinza, na kupeleka barabara, mifereji na maji Manzese, kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Wapo watakaosema Manzese bado imebanana. Ni kweli, ila wakazi walibaki karibu na riziki zao, na huduma zikawafuata. Mipango ya leo ianzie palipokosa maji na mifereji, si panapochukiza wapita njia.