Kula na Kwenda: Historia ya Vipimo vya Ulaji wa Mafuta katika Kiswahili, kwa Mifano ya Kaengesa na Nyanda za Juu za Ufipa

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya msamiati ambao wasemaji wa Kiswahili wanautumia kueleza uhusiano kati ya safari na mafuta: maili, kilomita, galoni, lita, debe na pipa. Hoja yake ni kwamba kubadili kipimo cha mfumo mmoja kuwa cha mwingine si kazi ya hesabu peke yake. Kiswahili kina miundo miwili ya kueleza uhusiano huo, mmoja umejengwa juu ya kitenzi -la na mwingine juu ya -enda, na thamani za miundo hiyo hupanda na kushuka kinyume. Mifano imetolewa katika usemi wa madereva na wakulima wa Kaengesa, wilayani Sumbawanga, mkoani Rukwa.

Kisa cha gari lililodhaniwa gonjwa

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari lililokuwa limetumika Uingereza. Katika safari yangu ya kwanza ya kurudi nyumbani nilijaza tangi Tunduma, nikaenda mpaka Sumbawanga, nikajaza tena. Tarakimu za masafa kwenye dashibodi zilionyesha 139. Mafuta yaliyoingia yalikuwa lita 25. Nikagawanya, nikapata 5.6. Fundi niliyemweleza alitikisa kichwa na kusema kuwa gari la injini ndogo kiasi kile haliwezi kwenda kilomita tano na nusu kwa lita ila likiwa gonjwa. Akaanza kuorodhesha vipuri.

Kilichoniokoa ni dereva mmoja wa Kaengesa, mtu wa makamo, aliyeuliza swali ambalo mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika isimu, sikuwa nimeliuliza: "Mwalimu, hizo ni kilomita au maili?" Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo iliwekwa lami kwa fedha za mkataba wa Tanzania na Marekani uliotiwa saini mwaka 2008, ina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 220. Maili 139 ni kilomita 223.7. Gari langu lilikuwa linakwenda takriban kilomita 9 kwa lita, nalo halikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nimegawanya maili kwa lita, yaani nimeoanisha kipimo cha mfumo mmoja na cha mfumo mwingine.

Ni rahisi kuliita hilo kosa la mtu mzembe. Hata hivyo, mchanganyiko huo ndio desturi rasmi ya nchi gari lilikotoka. Waingereza hununua mafuta kwa lita, mabango yao ya barabarani yameandikwa maili, na ufanisi wa gari huutaja kwa maili kwa galoni, ingawa galoni haiuzwi tena kwenye pampu. Anayenunua gari lao hununua pia mkanganyiko huo.

Tabaka za vipimo katika Ufipa

Ufipa imepita katika mifumo hii zaidi ya mara moja. Ujerumani ilianza kutumia metriki kisheria tarehe 1 Januari 1872, kabla haijawa na koloni lolote, kwa hiyo maofisa wake waliokaa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo kwenye Ziwa Tanganyika, walipima njia kwa kilomita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa ngome hiyo, na pamoja na utawala wao zikaja maili, galoni na ratili. Baada ya Uhuru nchi ikarejea kwenye metriki, na Sheria ya Vipimo Na. 20 ya mwaka 1982 ndiyo iliyoupa mfumo huo msingi wake wa baadaye. Kwa hiyo kilomita katika Ufipa ni mgeni aliyeondoka akarudi.

Chini ya tabaka hizo kuna vipimo vya misafara ya biashara: kibaba, pishi yenye vibaba vinne, na frasila. Wanahistoria wa misafara wanatueleza kuwa posho ya kawaida ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Msomaji aone kwamba huo tayari ni uwiano wa ulaji na mwendo. Kiongozi wa msafara aliyejua idadi ya wapagazi na idadi ya siku za njiani alijua pia ni nafaka kiasi gani ihitajike. Umbali wenyewe ulitajwa kama mwendo wa siku, si kama urefu wa ardhi.

Ninapendekeza kwamba muundo wa leo wa "gari linakula mafuta" usomwe kwa mwanga huo. Sidai kwamba tamathali hiyo ilizaliwa katika msafara. Lugha nyingi hulisha mashine zake. Ninachodai ni kwamba mantiki ni ileile: safari imeshapangwa, haibadiliki, na kinachoulizwa ni msafiri atakula kiasi gani hadi aifikie. Lita 11 kwa kilomita 100 ni posho ya gari.

Debe, pipa na galoni

Mafuta ya petroli yalipoanza kuingia Afrika Mashariki hayakuja kwa lita wala, kwa hakika, kwa galoni. Yalikuja kwa chombo. Mafuta ya taa ya Kimarekani yalisafirishwa katika makopo ya bati, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, kila kopo likiwa na galoni tano za Kimarekani. Watawala wa Kiingereza walihesabu debe kuwa galoni nne za kwao. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546 na ya Kimarekani ni lita 3.785, kwa hiyo debe la kwanza lilikuwa na lita 18.9, na la pili lita 18.2. Tofauti haifiki lita moja, na neno moja, lililokuja kutoka Bara Hindi, likatosha kuyabeba yote mawili. Leo mtu wa Kaengesa akisema debe hafikirii mafuta kabisa. Anafikiria mahindi, na anafikiria kama mnunuzi atalijaza kwa kufuta juu au kwa kulirundika hadi lifanye kilele. Chombo kilichomaliza kazi ya mafuta kikawa mizani ya mkulima, na ugomvi wa kilele hicho umeishi kuliko bati lenyewe.

Pipa nalo lina siri kama hiyo. Katika desturi ya Kiingereza pipa la chuma lilikuwa la galoni 44, sawa na lita 200. Katika desturi ya Kimarekani ni la galoni 55, ambazo ni lita 208. Mapipa hayo ndiyo yaliyojaa kwenye barabara ya Tunduma kuanzia mwishoni mwa mwaka 1965, Zambia ilipokatiwa mafuta kufuatia uasi wa walowezi wa Rhodesia, hadi bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968.

Historia ya galoni inamhusu zaidi mwanaisimu, kwa kuwa imeacha alama katika sarufi. Ikiwa kipimo, galoni imo katika ngeli ya I-ZI pamoja na lita, maili na kilomita: "galoni tatu za petroli." Katika usemi wa leo wa Tanzania, hata hivyo, tunasikia "galoni la maji" na "magaloni matatu," yaani neno limehamia LI-YA, ambako debe na pipa walikuwa wamekaa tangu mwanzo. Galoni la Kaengesa ni chombo cha plastiki chenye mkono, la lita tano au ishirini. Kwa hiyo "galoni la lita ishirini" si mkinzano kwa msemaji wa leo, ingawa kwa karani wa mwaka 1950 lingekuwa kichekesho. Kipimo kilipopoteza mamlaka yake ya kisheria, ngeli ilikigeuza kuwa kitu cha kushikwa mkononi.

Maili imepata hifadhi ya namna nyingine, katika majina ya mahali: Maili Moja ya Kibaha, Maili Nne ya Eldoret. Imo pia katika neno maileji, ambalo madalali wa magari hulitumia kutaja kilomita bila kuona tatizo lolote.

Hesabu na vitenzi vyake

Sasa turudi kwenye ubadilishaji wenyewe. Kutoka maili kwa galoni ya Kiingereza kwenda kilomita kwa lita tunazidisha kwa 0.354, kama galoni ni ya Kimarekani, kwa 0.425. Gari langu lilitumia lita 25, yaani galoni 5.5 za Kiingereza, kwa maili 139: maili 25.3 kwa galoni. Mmarekani angetaja maili 21 kwa galoni kwa gari hilohilo na safari hiyohiyo. Kitabu cha gari kinachosema "galoni" bila kutaja ni ya nani kimeficha karibu sehemu moja ya tano ya ukweli.

Hadi hapo tumebaki ndani ya kitenzi kimoja: gari *linakwenda* maili kadhaa au kilomita kadhaa kwa kiasi fulani cha mafuta. Namba ikipanda, mwenye gari anafurahi. Lakini tukitaka lita kwa kilomita 100 hatuzidishi, tunagawa. Tunachukua 282.5 na kuigawa kwa maili kwa galoni ya Kiingereza, au 235.2 kwa maili kwa galoni ya Kimarekani, au 100 kwa kilomita kwa lita. Gari langu linatoa lita 11.2. Kitenzi nacho hubadilika: gari *linakula* lita 11.2, na namba ikipanda mwenye gari anasikitika. Kiunganishi "kwa" hakitusaidii kutambua mpito huo, kwa sababu kinatumika vilevile pande zote mbili: kilomita 9 kwa lita, lita 11.2 kwa kilomita 100. Istilahi ya kitaaluma "matumizi ya mafuta" inaficha zaidi. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa "matumizi ya mafuta yamepanda kutoka 8 hadi 10" hajui kama apongeze au atoe pole. Madereva hawana shida hiyo, maana hawatumii nomino, wanatumia vitenzi.

Tofauti hii ina uzito wa fedha. Tuchukue, kwa mfano tu, lori linaloteremka kutoka nyanda za juu kwenda Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, likiwa linakwenda kilomita 10 kwa lita, kisha linapanda na shehena ya mpunga likiwa linakwenda kilomita 5 kwa lita. Wengi watasema wastani ni 7.5. Si kweli. Kwa kila kilomita 100 lilikula lita 10 likishuka na lita 20 likipanda; wastani wa ulaji ni lita 15, sawa na kilomita 6.7 kwa lita. Mwenye lori aliyepanga nauli ya gunia kwa 7.5 ataishiwa mafuta kabla ya kufika juu. Ulaji hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili kwa sababu masafa ni sawa. Mwendo kwa lita hauruhusu jambo hilo.

Wamarekani wawili, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha mwaka 2008 katika jarida la *Science* kwamba wasomaji wa Kiingereza hupotoshwa kwa namna inayofanana na hii: wanadhani kutoka maili 34 hadi 50 kwa galoni ni nafuu kubwa kuliko kutoka 18 hadi 28, kumbe kinyume chake ndicho sahihi. Serikali yao baadaye iliongeza kwenye lebo za magari mapya galoni kwa maili 100. Kwa maneno yetu, waliongeza kitenzi -la palipokuwa na -enda peke yake. Msemaji wa Kiswahili anavyo vitenzi vyote viwili tangu mwanzo. Wanaoviondoa ni waandishi wa istilahi.

Magari mengi yanayoingia nchini leo yanatoka Japani, na dashibodi zake zinaonyesha kilomita kwa lita, jambo ambalo limeimarisha -enda miongoni mwa madereva wadogo. Kwa upande mwingine, waendesha bodaboda wa Kaengesa wana mfumo wao. Petroli ya kijijini huuzwa katika chupa za maji za lita moja au moja na nusu, na kwenye pampu ya mjini mtu hasemi lita bali huomba "ya elfu tano." Nilipomwuliza mmoja wao pikipiki yake inakula kiasi gani, alinijibu kwa fedha na kwa jina la mahali: elfu tano inamfikisha wapi na kumrudisha. EWURA inapotangaza bei kikomo mpya kila mwezi, ni yeye anayelazimika kubadili kipimo upya, kichwani, kabla ya abiria wa kwanza wa asubuhi.

Dereva aliyeniuliza kuhusu maili bado ana daftari la safari alilorithi kwa mwajiri wa zamani. Safu ya pili imechapwa "Maili," naye amelikata neno hilo kwa kalamu na kuandika juu yake "Km." Safu ya tatu imechapwa "Galoni." Hiyo hajaikata, ameongeza herufi mbili mwanzoni, "ma-," na chini yake anaandika idadi ya vyombo alivyobeba.