Shosho Amelazwa Tena. Kosa ni la Nani?

Wasee, mwaka huu shosho amelazwa mara tatu. Ana ule ugonjwa sugu wa mapafu, kifua kinabana hadi hawezi kumaliza sentensi. Mara ya tatu, nesi akamwangalia akasema, "Huyu amerudi tena?" Kama vile shosho ndiye ana makosa. Iliniuma, nikaanza kusoma historia ya huu ugonjwa.

Twende Marekani, 1955. Msichana wa miaka 13 mwenye pumu alikuwa anatumia kifaa cha kioo cha kubinya kwa mkono. Akamuuliza babake: mbona dawa isiwekwe kwa kopo la kupuliza kama lile la nywele? Babake, George Maison, alikuwa anaongoza kampuni ya dawa, Riker. 1956 inhela ya kwanza ya kupuliza kipimo maalum ikaanza kuuzwa. Swali la mtoto likaleta dawa ya kubebwa mfukoni.

Halafu oksijeni. Mwaka 1981, watafiti Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 wa mapafu sugu ambao damu yao ilikuwa na oksijeni kidogo sana. 42 walipewa oksijeni wakiwa nyumbani, angalau saa 15 kwa siku. 45 hawakupewa. Ndani ya miaka 5, waliopewa walikufa 19. Wale wengine, 30. Oksijeni haikuwa kitu kipya. Lakini hapa ilimfuata mgonjwa hadi kwake.

Marekani wakaenda mbele zaidi. Kuanzia Oktoba 2012, hospitali ambazo wagonjwa wao walikuwa wanarudi sana ndani ya siku 30 zilianza kukatwa malipo ya bima ya serikali ya wazee. Ugonjwa sugu wa mapafu ukaongezwa 2014. Sasa hospitali ndiyo ikawa inaulizwa: mlimwachilia vipi? Lakini hiyo sheria nayo ililalamikiwa, kwa sababu hospitali zinazohudumia maskini ziliumia zaidi. Unaweza kumtibu mtu vizuri kabisa, lakini nyumba anayorudi hukuijenga wewe.

Hapo ndipo nikamkumbuka shosho. Kila akiruhusiwa anapewa inhela, karatasi, na "pole mama". Anarudi kwa jiko la kuni, jikoni hakuna dirisha la maana. Juzi nikamwambia anionyeshe vile anatumia inhela. Alipuliza mdomoni, akatoa pumzi hapo hapo. Dawa yote ikaishia hewani. Manze, inhela ina karibu miaka 70 duniani, na hakuna mtu alikuwa amechukua dakika tano kumuonyesha vile inafanya kazi. Hata mimi mjukuu wake sikuwa nimeuliza.

Kwa hivyo mkienda kumchukua mtu wenu hospitalini, msikimbilie bili tu. Mwambie daktari au nesi amwangalie akitumia inhela mbele yenu. Uliza kliniki ni lini, na mtampigia nani kifua kikianza kubana usiku. Mkifika nyumbani, angalieni moshi unatoka wapi, na nani anavuta sigara karibu naye.

Sisi tumeanza na jikoni. Shosho hapiki tena kwa kuni, na analalamika ati ugali wa gesi hauna ladha. Wacha alalamike. Bora ana pumzi ya kulalamika.