Kusikia kwa Macho: Upimaji wa Ufahamu wa Kiingereza kwa Wanafunzi Wachina

Vijana wengi waliopitia gaokao, mtihani wa kuingia vyuo vikuu nchini China, wanaijua bei ya shati moja: pauni 9 na peni 15. Ndio mfano unaotangulia sehemu ya kusikiliza Kiingereza, na umerudiwa hadi wameugeuza utani. Sauti inataja bei, karatasi ina machaguo matatu, na mtahiniwa hana budi kusoma ili athibitishe kwamba amesikia. Katika mfano huu kusoma ni tarakimu tu. Katika maswali yanayofuata ni sentensi za Kiingereza, na hapo ndipo ninapodai kwamba jaribio linapima kusoma kuliko linavyokiri.

Katika karatasi ya taifa, kusikiliza kuna maswali 20 ya alama 1.5 kila moja, yaani 30 kati ya 150. Mazungumzo matano ya kwanza husikika mara moja tu. Baada ya kila moja, mtahiniwa ana sekunde 10 za kujibu na papo hapo kusoma swali linalofuata. Anayesoma polepole atakuta sauti imeanza naye bado yuko kwenye chaguo la pili. Akikosa, alama itasema hakuelewa alichosikia. Anayesoma haraka hukisia mada kabla msemaji hajafungua kinywa. Walimu hufundisha mbinu hiyo waziwazi, wala siwalaumu. Tena machaguo yakiwa matatu, asiyeambulia neno hata moja anaweza kutarajia takriban alama 10 kati ya 30 kwa kubahatisha tu.

Kasoro hii ingekuwa ndogo kama kusikia na kusoma vingekwenda sambamba. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza ufahamu wa kusoma kuwa zao la mambo mawili: kutambua maandishi na kuielewa lugha yenyewe. Kielelezo hicho kinamfaa mtoto anayejifunza kusoma lugha anayoisikia tangu utotoni. Mwanafunzi wa sekondari wa Chengdu aghalabu amekwenda kinyume: maneno mengi ya Kiingereza ameyakuta kwanza katika orodha za msamiati, akayakariri kwa umbo. Likipita neno hilohilo katika usemi wa kawaida, limeunganishwa na jirani zake na kumezwa nusu, halitambui.

Lugha yake ya kwanza nayo ina mchango. Silabi ya Kimandarini sanifu huishia kwa vokali, n au ng, ukiacha r ya mwisho inayosikika zaidi kaskazini. Na kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kulingana na njeo. Kiingereza huweka alama ya wakati uliopita mahali hapohapo, mwishoni, mara nyingi ndani ya kongano la konsonanti. Kikantoni kina p, t na k za kufungia silabi, lakini hazipasuliwi. Namba pia ni kikwazo. Kichina huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi, hivyo 250,000 ni mafungu 25. Anayeisikia kwa Kiingereza lazima aipange upya huku msemaji akiendelea. Ikiwa imeandikwa kwa tarakimu, tatizo hilo halipo kabisa.

Hong Kong imechagua njia nyingine. Katika HKDSE, mtihani wa kumaliza sekondari ulioanza 2012, karatasi ya tatu inaitwa kwa uwazi ya kusikiliza na stadi jumuishi: mtahiniwa husikiliza, huandika dondoo, husoma nyaraka, kisha hutunga maandishi. Mchanganyiko huo haunisumbui, kwa kuwa umetangazwa. (Kilichonisumbua zaidi ni utaratibu wa watahiniwa kuja na redio zao ili wapokee matangazo ya mtihani, kana kwamba ubora wa betri nao ni sehemu ya ufahamu.)

Je, maswali ya kusikiliza yaulizwe kwa Kichina? Mwaka 1984 mtafiti Elana Shohamy alionyesha, kwa wanafunzi wa Israeli, kwamba jaribio la kusoma Kiingereza huwa rahisi zaidi maswali yakiwa katika lugha ya kwanza. Wapinzani watasema huo ndio ushahidi kwamba tunalegeza mtihani. Mimi naona kinyume: ugumu ulioondoka ulikuwa wa swali, wala si wa matini. Hofu yenye uzito ni nyingine, kwamba darasa zima litageuka la kutafsiri. Beijing imeikwepa kwa kiasi: tangu gaokao ya 2021, kusikiliza na kuzungumza hupimwa kwa kompyuta kwa alama 50, na baadhi ya majibu hutolewa kwa sauti. Lakini kompyuta zinahitaji fedha, na kuzungumza nako ni stadi nyingine inayoweza kumwangusha mtu aliyeelewa vizuri.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo zaidi, linalowezekana hata katika shule ya kata ya mbali. Wanafunzi wasome matini moja na kusikiliza nyingine ya ugumu uleule, maswali ya zote mbili yawe ya Kichina, na alama zisijumlishwe. Anayepata 8 kati ya 10 kwa kusoma na 3 kwa kusikiliza asipewe orodha nyingine ya msamiati. Apewe rekodi za maneno ambayo tayari anayo.