Vipimo vya Kale vya Mionzi

Kila kipimo kina asili yake, na asili hiyo hukaa ndani ya tarakimu hata baada ya kipimo chenyewe kuachwa. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Atakaye kugeuza vibaba kuwa pishi hahitaji ila kugawanya kwa nne. Lakini atakaye kugeuza pishi kuwa kilo hana budi kuuliza kwanza: pishi ya nini? Nafaka mbili huweza kujaza chombo kimoja zisilingane kwa uzito. Historia ya vipimo vya mionzi ina mageuzi ya namna zote mbili, na kuyachanganya si kosa la karatasini tu, maana kinachopimwa ni mwili wa mtu.

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Matabibu waliipokea kwa furaha kabla hawajapata njia ya kuipima. Chombo chao cha kwanza kilikuwa ngozi ya binadamu: kiasi cha mionzi kilichotosha kuifanya iwe nyekundu ndicho kilichokuwa dozi moja. Lakini ngozi za watu hazifanani, na tena wekundu huchelewa kutokea. Onyo lilipofika, madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka.

Mwaka 1902 Guido Holzknecht wa Vienna alitoa chombo chenye chumvi zilizobadilika rangi zilipopigwa na mionzi, na kipimo chake kikaitwa H. Mwaka 1904 Sabouraud na Noiré wa Paris walitengeneza kidonge kilichogeuka kutoka kijani hadi kahawia, wakakitumia katika kutibu mapunye ya watoto. Hata hivyo rangi husomwa kwa macho, na macho ya watu wawili hayaoni sawasawa. Holzknecht mwenyewe alifariki mwaka 1931 kwa madhara ya mionzi ile ile aliyotaka kuipima.

Mkutano wa kimataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1928 uliacha ngozi na rangi, ukachagua hewa. Rontgeni moja ilikuwa kiasi cha eksirei kilichozalisha kiasi maalumu cha umeme katika sentimita moja ya ujazo ya hewa. Kipimo hiki kilikuwa imara, lakini kilieleza yaliyoipata hewa, wala si yaliyoupata mwili.

Pengo hilo lilizaa vipimo vingine. Katika miaka ya 1940, Herbert Parker, aliyefanya kazi katika mradi wa atomiki wa Marekani, alileta repu na remu. Repu ilihesabiwa kwanza kuwa ergi 83 kwa kila gramu ya mwili, kisha ikawa ergi 93. Jina lilibaki moja, thamani zikawa mbili. Mwaka 1953 ilikubaliwa radi, jina lisilo na nasaba na radi ya mawingu, nayo ilikuwa ergi 100 kamili katika gramu moja ya kitu chochote. Remu ilizidisha kiasi hicho kwa ukali wa kila aina ya mionzi. Grei ilipitishwa mwaka 1975, na siveti mwaka 1979, ingawa Marekani bado hutumia radi na remu.

Katika mageuzi haya, mengine ni mepesi kama vibaba na pishi: radi 100 ni grei 1, na remu 100 ni siveti 1. Rontgeni si hivyo. Rontgeni 100 ni kadiri ya grei 0.88 katika hewa, na 0.96 katika nyama laini. Katika mfupa, eksirei yenye nguvu ndogo huacha nishati mara kadhaa zaidi. Hapa ndipo linaporudi swali la pishi: rontgeni katika nini?

Dozi ya wekundu ni ngumu kuliko zote, nayo ndiyo iliyokuwa msingi wa sheria za kwanza za kinga. Mwaka 1925 Arthur Mutscheller alipendekeza kwamba mfanyakazi asipate zaidi ya sehemu moja katika mia ya dozi hiyo kwa siku 30. Dozi hiyo ikikadiriwa kuwa rontgeni 600, mfanyakazi huruhusiwa rontgeni 6 kwa siku 30, yaani 0.2 kwa siku, na 0.2 kwa siku ndicho kikomo kilichotangazwa kimataifa mwaka 1934. Kwa siku 250 za kazi hiyo ni rontgeni 50, au karibu milisiveti 500 kwa mwaka. Kikomo kinachopendekezwa leo ni wastani wa milisiveti 20.

Hesabu ya mwaka 1934 haikuwa na kosa la kuzidisha wala la kugawanya. Kasoro yake ilikuwa katika shahidi aliyeaminiwa, maana ngozi hueleza juu ya kuungua, na haina habari ya saratani itakayozuka baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo mwanachuoni anayesoma kumbukumbu za kale za hospitali na maabara, na kutaka kujua ni kiasi gani kilichowapata wagonjwa na wafanyakazi wa zamani, yampasa aitafute asili ya kipimo kabla ya kuigeuza tarakimu. Asipofanya hivyo atapata jibu lenye nukta na desimali, lisilo na ukweli.